Rodi Ikigoma Kuzama: Ethi ya Nyumba Iliyokaa Juu ya Mwamba

Nyumba yenyewe iko Moshono, Arusha, upande ule wa machimbo ya mawe, ambako mchimba choo anachungulia kwanza kiwanja ndipo ataje bei. Ina vyumba vitatu, shawa ya umeme, friji na pampu ya kupandisha maji tangini, na mita ya LUKU ilishafungwa. Mama mwenye nyumba alikuwa na malalamiko mawili. Koki ya shawa ilimtekenya vidole kila alipoishika akiwa amelowa, na uniti zilikuwa zinakatika upesi kuliko matumizi yake. Kwa macho, ethi, yaani njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja, ilikuwapo: waya wa kijani na njano unashuka ukutani, unaingia kwenye kizege kidogo nje ya jiko, basi.

Kabla ya kugusa chochote ethi ile ilipimwa, ikatoa upinzani wa zaidi ya ohm 900, na kwa ethi namba ndogo ndiyo nzuri. Kizege kilipovunjwa, rodi, ile fimbo ya chuma inayopigwa ardhini, iling'oka kwa mkono. Ilikuwa na urefu wa sentimita 70 hivi, chini imepinda kama ndoano, juu imekatwa kwa grainda. Dukani rodi hiyo huuzwa ikiwa na mita 1.2. Iligonga mwamba, ikapigwa mpaka ikapinda, kisha kilichobaki juu kikakatwa na zege likafunika ushahidi. Kukata rodi ni mchezo uliozoeleka zaidi ya mafundi wanavyokiri, na mwenye nyumba hana namna ya kuujua kwa sababu anachoonyeshwa ni kichwa tu. Kwa hiyo unapolipia ethi, lipia kipimo kilichoandikwa, na uwepo rodi inapopigwa. Kama huwezi kuwapo, mwambie fundi aipige picha ikiwa bado imelala chini pamoja na futi kamba.

Arusha imekaa miguuni pa Meru na Moshi miguuni pa Kilimanjaro, na chini ya miji yote miwili kuna kazi ya volkano: lava iliyoganda, majivu, mawe makubwa yaliyoporomoka zamani, na ile moramu nyekundu yenye vitundu. Umeme haupiti kwenye punje za mchanga wala kwenye jiwe lenyewe. Unapita kwenye unyevu na chumvichumvi zilizo katikati ya punje. Udongo mweusi wa bondeni unashika maji na kubana rodi, ndiyo maana fundi aliyezoea tambarare anapiga rodi moja na kuondoka salama. Lava haina nafasi ya kushika maji. Moramu inayo nafasi tele, ila inayachuja yote yaende zake. Watu wanaona moramu laini wanafurahi kwamba rodi imeingia, kumbe imesimama kwenye chujio.

Upinzani wa ardhi hupimwa kwa ohm-mita. Udongo mzuri wa mfinyanzi wenye unyevu unaweza kuwa chini ya 100, na changarawe au mwamba uliopasukapasuka unafika 1,000 na kuendelea. Ukipiga hesabu ya kawaida ya rodi ya mita 1.2 yenye unene wa milimita 16, kwenye ardhi ya ohm-mita 100 unapata ohm 70 hivi, na kwenye ardhi ya ohm-mita 1,000 unapata ohm 700 hivi, hata kama rodi imezama yote na kukaa wima bila kasoro. Ukiiunga iwe mita 2.4, inashuka hadi kama 400. Umeongeza urefu mara mbili, upinzani haukupungua hata nusu. Rodi mbili zilizopigwa karibukaribu ndiyo hasara zaidi, kwa sababu zinagombea udongo uleule. Zinapaswa kuachana angalau kwa urefu wa rodi yenyewe, na zikiachana mara mbili yake ni bora zaidi.

Sasa waya. Waya mtupu wa shaba wa mita 20, uliolazwa kwenye mtaro wa sentimita 60 katika ardhi ileile ya ohm-mita 1,000, hutoa ohm 90 hivi. Linganisha na 700 ya rodi. Kwenye mwamba tunaacha kutafuta kina, tunatafuta mapana. Nguvu zinazomalizikia kwenye nyundo kwa kuhamisha rodi kona hii na ile, zinatosha kuchimba mtaro.

Kabla ya mtaro zipo njia mbili za kati. Rodi ikigoma wima, jaribu kuipiga kwa mshazari wa nyuzi 45 hivi, ukiielekeza mbali na msingi. Ikigoma hapo pia, ilaze mtaroni kina cha sentimita 75 na uiunge na waya. Mashine ya kuchimba visima inaweza kupenya lava, lakini shimo refu katika mwamba mkavu linakupa mwamba mkavu zaidi, tena kwa bei ambayo ingelipia mtaro na kubakisha.

Swali ambalo kila mwenye nyumba huuliza ni: ohm ngapi zinatosha? Jibu linategemea kilichomo ndani ya DB, lile kabati la breka. TANESCO inakuletea waya mbili kutoka kwenye nguzo, laivu na nyutro. Ethi ni ya kwako mwenyewe, unaitafuta kwenye kiwanja chako. Laivu ikigusa bodi ya friji, umeme unaovuja lazima upite ardhini mpaka kwenye transfoma, na ohm zako ndizo zinazoamua ni ampea ngapi zitapita. Kwa volti 230 na ohm 900 zinapita ampea 0.26 tu. Breka ya ampea 20 aina ya B inahitaji hadi ampea 100 ndipo iruke papo hapo, yaani ethi ya ohm 2.3 pamoja na njia yote ya kurudi. Kwenye mwamba wa Moshono hupati ohm 2.3 hata ukichimba uwanja mzima. Kwa hiyo breka inakaa kimya, bodi ya friji inabaki na karibu volti zote 230, na umeme unavuja usiku na mchana. Ampea 0.26 kwa volti 230 ni wati 59, na kwa saa 24 ni uniti 1.4. Kule zilikokuwa zinakwenda uniti za mama ni huku: elementi ya shawa ilikuwa imetoboka, inavuja kupitia ethi dhaifu ambayo haikuweza kurusha chochote.

Ndiyo maana juu ya mwamba RCD, swichi inayokata umeme ukivuja, si ya hiari. RCD ya miliampea 30 hailinganishi na ampea 100. Inalinganisha umeme unaotoka kwa laivu na unaorudi kwa nyutro, na tofauti ikifika miliampea 30 inakata. Kanuni ni kwamba ohm za ethi ukizizidisha kwa kiwango cha RCD zisivuke volti 50, kwa hiyo kwa miliampea 30 kikomo cha makaratasi ni ohm 1,667. Usikifuate. Ethi iliyozidi ohm 200 haitabiriki: inapanda kiangazi, inayumba klampu ikishika kutu kidogo. Lengo la kazi hii lilikuwa chini ya 100 mwisho wa kiangazi, na 200 ndiyo mstari wa kutovukwa.

Kuhusu msingi, ambao katika nyumba hii ulishapita

Nyumba ikiwa bado michoro, ethi bora ya mwamba inaweza kupatikana kwa bei ya karibu bure, na inapotea siku zege la chini linapomwagwa. Zege lililogusana na ardhi linanyonya unyevu na kuushikilia, na nondo zilizo ndani yake zinakuwa ethi yenye mapana ya nyumba nzima. Herbert Ufer, mhandisi wa Kimarekani, aliitumia njia hii kwenye maghala ya silaha huko Arizona wakati wa Vita Kuu ya Pili, kwenye ardhi kavu kuliko hii yetu, na hadi leo Wamarekani wanaiita kwa jina lake.

Ila kuna mtego wa kienyeji. Misingi mingi ya Arusha na Moshi ni ya mawe yaliyojengwa kwa saruji, na nondo zinaanzia kwenye mkanda juu ya mawe. Mkanda ule haugusi ardhi. Jamvi nalo limelala juu ya nailoni, na nailoni imewekwa makusudi kuzuia unyevu. Ukifunga ethi kwenye nondo za mkanda umefunga kwenye chuma kinachoelea. Nondo zinazofaa ni zile za zege la chini kabisa, chini ya mawe, au za vitako vya nguzo. Kama msingi wako wa mawe hauna nondo chini, nunua chache za milimita 12, zilazwe kwenye zege hilo mfululizo, jumla isipungue mita 6, zikiwa zimefunikwa na zege sentimita 5 kila upande. Kuzunguka nyumba nzima ni bora zaidi. Zinapokutana zipishane na zifungwe kwa klampu au zichomelewe. Waya mwembamba wa kufungia nondo usiuamini peke yake kwenye kiungo cha ethi. Kisha pandisha mkia wa chuma cha milimita 10, au bapa la mabati la milimita 30 kwa 3.5, ndani ya ukuta hadi DB itakapokaa.

Mkia huo usipite kwenye udongo ukiwa mtupu. Chuma kilichomo ndani ya zege kikiungana na mabati yaliyo kwenye udongo wenye unyevu, mabati ndiyo yanayoliwa. Miaka michache mbele unakuta mkia umekatika pale pale unapotoka kwenye zege. Ikibidi utoke nje, utoke kama shaba iliyovaa plastiki. Kwa sababu hiyohiyo rodi ya mabati haifai kuunganishwa na nondo za msingi: chukua ya chuma kilichopakwa shaba nene. Sumaku haikusaidii kuitambua, maana hata iliyo nzuri ina chuma ndani na itanasa. Ikwaruze kwa tupa ncha yake: rangi ya shaba ikitoka kwa mkwaruzo mmoja mwepesi, hiyo ni rangi tu.

Fundi ujenzi na fundi umeme wakutane kabla ya zege. Kwa kawaida fundi umeme anaitwa wakati wa kuchana kuta, na hapo mlango umeshafungwa.

Mtaro

Moshono msingi ulishamalizika, kwa hiyo ilibaki mtaro. Njia yake ilichaguliwa kwa maji: upande wa chini wa kiwanja, sambamba na ukuta wa uzio, pale maji ya bati yanapomwagika mvua ikinyesha. Ulipita mbali kidogo na karo. Unyevu wake ni mzuri, lakini maji machafu yanakula shaba na siku moja karo litafukuliwa na mtu mwenye sururu asiyejua kilichopo.

Urefu ni mita 20, kina sentimita 60, upana wa koleo. Mawe madogo yalitoka kwa mtaimbo na sururu. Palipokuwa na mwamba mzima kuna wanaouchoma moto na kuumwagia maji upasuke. Ni kazi ya kuni nyingi, na ukiwa karibu na msingi au ukuta usithubutu. Hapa mtaro ulipindishwa ukauzunguka. Waya hauna haja ya kunyooka. Sehemu mbili zilibaki na kina cha sentimita 40 tu, zikaongezewa udongo juu na tofali za kufunika. Kama uwanja ni mfupi, toa mikono miwili ya mita kumi kutoka kwenye chemba moja, kishimo cha kuungia waya, kila mmoja na upande wake. Usikubali waya uliokunjwa mviringo ndani ya shimo moja. Mita 20 zilizokunjwa hazifanyi kazi ya mita 20.

Chini kabisa ulimwagwa udongo mweusi wa kuotesha bustani, sentimita 10, ukachambuliwa mawe. Waya ukalazwa, ukafunikwa na sentimita 20 nyingine za udongo uleule, ukamwagiwa maji na kushindiliwa kwa miguu. Kifusi kilichochimbuliwa ndicho kilichorudi juu, mwisho. Hesabu ya udongo: mita 20 kwa sentimita 40 kwa sentimita 30 ni mita za ujazo 2.4, na kirikuu kitarudi mara kadhaa. Hapa ndipo watu wanapobania, wanarudisha kokoto na moramu moja kwa moja juu ya waya. Waya uliozungukwa na kokoto umegusa hewa zaidi kuliko ardhi.

Waya ulikuwa shaba tupu ya milimita za mraba 25. Ukubwa huo si kwa ajili ya umeme, maana hata mwembamba ungebeba. Ni kwa ajili ya kutu na sururu. Shaba inaibwa, kwa hiyo ilifunikwa siku ileile iliyolazwa, na hakuna kipande kilichoachwa juu ya ardhi kikionekana kutoka barabarani.

Mkaa na chumvi: kila jirani atakushauri. Chumvi inashusha ohm kweli, wiki ya kwanza utafurahi. Masika inaiosha, inashuka na maji kwenye nyufa za lava, ohm zinarudi, na huku nyuma imeshaanza kuila klampu. Kama una pesa ya nyongeza tafuta bentonaiti, udongo unaovimba ukilowa na kushika maji muda mrefu. Nayo ina masharti: ikikauka kabisa inasinyaa na kuachana na waya, kwa hiyo iwekwe chini, palipo na unyevu, si sentimita 20 kutoka juu. Udongo mweusi na maji ya bati vilitosha hapa.

Waya uliishia kwenye chemba ya sentimita 30 kwa 30 yenye mfuniko. Klampu ni za shaba nyeusi, si zile za bati laini, na zilifungwa utepe wa grisi baada ya kukazwa. Kutoka chemba hadi DB ulikwenda waya wa milimita za mraba 16 wenye plastiki ya kijani na njano, ndani ya bomba. Usifunike klampu kwa zege. Kiungo kisichoweza kufunguliwa hakiwezi kupimwa.

Mtaro peke yake ulitoa ohm 74. Nguzo ya baraza ilibanduliwa plasta karibu na ardhi, nondo ya milimita 12 inayoshuka hadi kwenye kitako ikapatikana, ikasuguliwa ikang'aa na kufungwa klampu. Vyote viwili pamoja vikatoa ohm 52.

Kupima

Zile ohm hazikutoka kwa multimita. Multimita haiwezi kupima ethi, inakupa namba ya kuchezeachezea tu. Hazikutoka kwa balbu pia, na balbu ndiyo inayodanganya wengi. Fundi anaunga balbu kati ya laivu na ethi, inawaka, anasema ethi safi. Balbu ya kizamani ya wati 100 ikiwaka ina upinzani wa ohm 529. Ukiiunga na ethi mbovu ya ohm 100, balbu inabaki na volti 193, mwanga ambao jicho haliulalamikii. Za LED zinawaka kwa umeme mdogo zaidi. Juu ya hayo, kwa dakika zile zote waya wa ethi wa nyumba nzima unakuwa na umeme.

Kipimo sahihi kinatumia mashine ya ethi yenye vijiti viwili vya ziada. Mein swichi inazimwa kwanza, ndipo waya wa ethi unafunguliwa kwenye chemba. Usiufungue nyumba ikiwa na umeme: ukishika ncha mbili na kuna kinachovuja, wewe ndiye unayekuwa kiungo. Kijiti cha mbali kinachomekwa mita 40 kutoka kwenye ethi, na zaidi ya hapo ikiwa waya wa mtaro ni mrefu, kikielekea upande ambao mtaro haupo. Kijiti cha kati kinakaa kwenye asilimia 62 ya umbali huo, karibu mita 25. Soma. Sogeza kijiti cha kati mita chache mbele, soma, kisha nyuma, soma. Namba tatu zikikaribiana umepata jibu. Zikitofautiana sana, kijiti cha mbali kiko karibu mno. Kwenye mwamba vijiti hivyo navyo vinagoma kuzama. Laza kijiti juu ya jiwe, kifunike kwa gunia lililoloweshwa maji ya chumvi kidogo, subiri dakika chache. Hiyo ndiyo chumvi pekee inayokubalika katika kazi hii. Ukishamaliza, rudisha waya wa ethi kabla ya kuwasha.

Kazi ilifanyika Mei, masika yakiwa yanaishia, na kipimo cha Mei kinajipendelea. Mwisho wa Septemba, kabla ya vuli, ethi ileile ilisoma 88. Namba ya kuiamini ni ya Septemba. Anayekukabidhi ethi mwezi wa Aprili mwambie arudi kuipima kiangazi, na sehemu ya malipo ibaki mpaka hapo.

Ndani ya DB

Kazi ya mtaro ilikuwa bure kama DB ingebaki ilivyokuwa. Iliwekwa RCD ya miliampea 100 yenye kuchelewa mwanzoni, ikilinda nyaya zote, kisha mbili za miliampea 30: moja kwa soketi na jiko, nyingine kwa shawa na pampu. Kwa kugawa hivyo, shawa ikileta vurugu friji haizimiki. Zilichaguliwa aina ya A. Vifaa vya siku hizi vyenye elektroniki ndani vinaweza kuvujisha umeme wa namna ambayo ile ya AC, ya bei rahisi, haiioni vizuri.

RCD ya soketi iligoma kuwashwa. Soketi zilifunguliwa mojamoja, na ile ya nyuma ya friji ikakutwa na kipande cha waya wa bluu kinachounga nyutro na ethi. Ni hila ya kuifanya testa ionyeshe kwamba ethi ipo. Hakuna hila mbaya kuliko hii. Siku nyutro ya kutoka nguzoni ikikatika, kila bodi ya chuma iliyoungwa na ethi ya nyumba hiyo inapanda kuwa laivu, na mitaa yetu upepo na miti hukata nyutro. Kipande kikang'olewa, RCD ikakaa.

Shawa ilihitaji uamuzi. Nyingi za zile zinazochemsha papo hapo zina elementi tupu inayogusana na maji, na kuvuja kidogo kupitia maji ni tabia yake hata ikiwa mpya. RCD ya miliampea 30 inaweza kuruka kila ukioga, na maji yakiwa na madini mengi inazidi. Fundi mvivu anaitoa shawa kwenye RCD, na kelele zinaisha. Usikubali: bafu ndiyo sehemu ya nyumba inayoihitaji zaidi. Kilichobadilishwa ni shawa, ikafungwa yenye elementi iliyofunikwa. Koki imeacha kutekenya.

Kisha kila chuma kikubwa kiliunganishwa na ethi: stendi ya tangi, bomba la chuma la pampu, fremu ya sola juu ya bati. Mabomba ya PPR na ya plastiki hayabebi umeme, kwa hiyo usidanganywe kwamba "ethi imefungwa kwenye bomba la maji". Kama utaweka kinga ya radi, rodi yake iunganishwe na ethi hii ya nyumba. Ethi mbili zisizojuana kwenye kiwanja kimoja, radi ikipiga, zinaweza kutofautiana kwa maelfu ya volti, na tofauti hiyo inapita ndani ya TV.

Kuhusu pesa: bei za Arusha hazikai, ila mpangilio wake haubadiliki. Cha kwanza ni shaba ya mtaro, cha pili vibarua wa mtaro, cha tatu RCD, kisha udongo, na rodi ni ya mwisho kabisa. Anayekukatia makadirio ambayo rodi ndiyo kitu kikubwa hajawahi kufanya kazi kwenye mwamba. Ukilazimika kupunguza, punguza mita za mtaro ufike hata 12, uongeze mwakani. RCD usiiguse. Na anayesaini awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, maana fomu ya TANESCO inataka jina lake, na mwenye jina hukata rodi kwa shida zaidi.

Ndani ya mlango wa DB imebandikwa karatasi: ohm 52 Mei, ohm 88 Septemba, chemba iko wapi, mtaro unapita wapi. Kitufe cha RCD kinabonyezwa kila mwezi kuhakikisha inakata. Kitufe hicho kinapima RCD yenyewe tu. Hata waya wa ethi ungekuwa umekatika mtaroni, kitafanya kazi vilevile, kwa hiyo mashine inarudishwa kila Septemba, na ikisoma zaidi ya 150 unaongezwa mkono wa mtaro kuelekea karibu na bomba la maji ya bati la upande wa pili, ambapo chemba iliachiwa nafasi ya klampu ya tatu.